Karatasi Nyekundu ya Macaire Bisimwa

Jumanne tarehe 30 Juni 1998, saa tisa alasiri, Bwana Macaire Bisimwa atazima mashine zake na kukabidhi funguo za studio namba mbili. Atakuwa ametimiza miaka thelathini ya kazi ya redio: minane Luxemburg, ishirini na miwili hapa Washington. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Leonard Kamugisha, niandike wasifu wake, kwa kuwa ndimi peke yangu niliyefanya naye kazi kote kuwili. Walitaka ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Nitaanza hivyo.

Macaire alizaliwa Bukavu mwaka 1935, akasomea ufundi wa umeme Ubelgiji, na mwaka 1968 akaajiriwa na kituo kidogo cha redio nchini Luxemburg ambacho leo hakipo tena. Mimi nilitokea Bukoba kwa njia ya chuo kikuu cha Ujerumani, nikamkuta pale. Tulikuwa Waafrika wawili katika jengo zima. Nchi ile unaivuka kwa gari kabla chai ya asubuhi haijakutoka tumboni, lakini kituo chetu kilisoma habari kwa Kijerumani, matangazo ya biashara kwa Kifaransa, na salamu za Jumapili kwa Kireno kwa ajili ya wajenzi wa barabara. Vifo vilitangazwa kwa Kiluxemburg, lugha waliyoitumia nyumbani.

Alipohamia Washington mwaka 1976, Macaire alikuja na tabia moja ambayo vijana wa idara yetu ya Kiswahili wameifanyia utani hadi leo. Haruhusu ukanda wowote uende hewani kabla hajausikiliza mara tatu. Ndiyo maana anaitwa Mzee Mara Tatu. Kuna siku balozi mzima alikaa kwenye kiti akisubiri mahojiano yake yasikilizwe kwa mara ya tatu. Kiprotich, msomaji wetu wa habari, akashindwa kuvumilia: "Mzee, hiyo tape hata ukiicheki mara kumi haitataga yai!" Macaire hakugeuka. "Soma habari yako, petit, kijana. Mashini niachie miye."

Tumemsifu kwa tabia hiyo. Mwaka 1988 alipewa cheti kwa sababu yake, na mimi, nikiwa mkuu wa idara, ndiye niliyemkabidhi. Mara mbili nilimpendekeza awe mkuu wa mafundi, mara mbili akakataa. Aliwaambia wakubwa kwamba hafai kuwaongoza wengine. Hakueleza kwa nini. Mimi nilijua.

Sasa moyo wangu umechoka, na daktari hapa Takoma Park, nje kidogo ya Washington, haongei nami tena kuhusu matibabu. Kwa hiyo nitasema ninachojua.

Katika kituo cha Luxemburg, ukanda uliokuwa tayari kwenda hewani ulibandikwa kipande cha karatasi ya rangi mwanzoni, na fundi wa zamu akatia saini kwenye daftari. Nyekundu ilikuwa ya vifo. Ukanda usio na karatasi ulikuwa mtupu, na yeyote aliruhusiwa kuurekodia. Asubuhi moja ya Novemba 1971 nilikuwa nimechelewa na kipindi changu cha muziki, na rafu ya kanda tupu ilikuwa imekwisha. Nikachukua ukanda wenye karatasi nyekundu. Nilijiambia ni wa jana. Nikaibandua karatasi, nikaufuta ukanda, nikarekodi muziki wangu.

Ulikuwa wa siku ileile. Saa sita na nusu mchana nchi nzima ilitega sikio kusikia nani amefariki, ikasikia magitaa, kwa kuwa ukanda wa vifo haukuonekana na muziki wangu ukawekwa badala yake. Miongoni mwa majina niliyoyafuta alikuwemo Bwana Thill, fundi wa kiwanda cha chuma, ambaye maziko yake yalikuwa saa tisa alasiri hiyo. Mkewe alikuwa ametegemea redio. Pale makaburini walisimama yeye, padri na wachimba kaburi. Wenzake wa kiwandani, waliofanya naye kazi miaka ishirini, walipata habari kesho yake.

Daftari lilikuwa na saini ya Macaire. Ukanda haukuwa na karatasi. Wakuu wakaamua kwamba alitia saini bila kubandika, nami nikaudhani mtupu. Akakana siku ya kwanza, akakana ya pili. "Niliibandika, Leonard. Ninaona hata kidole yangu ikiibandika." Nikamwambia, "Labda ulisahau, kaka. Ulikuwa umechoka." Karatasi yenyewe ilikuwa mfukoni mwa koti langu. Baada ya wiki mbili akaacha kukana, akaanza kuamini kwamba alisahau.

Alikwenda kwa yule mjane kuomba radhi. Mama hakumfungulia mlango. Tangu hapo, kila Novemba, Macaire humwandikia kadi ya kuomba msamaha. Kwa kuwa Kijerumani chake cha kuandika si kizuri, huniletea mimi kwanza nisahihishe. Hata baada ya mimi kustaafu amekuwa akiniletea, kwa treni ya Metro kutoka Silver Spring, kadi ndani ya bahasha ya kaki isikunjike. Kadi ishirini na sita. Nilichukua kalamu, nikasahihisha msamaha alioomba kwa kosa langu, nikamrudishia, tukanywa chai.

Jumapili tarehe 7 mwezi huu alikuja kunitazama pamoja na mkewe, Séraphine. Nikawaambia yote. Séraphine ndiye aliyesema kwanza: "Papa Leonard! Ulikuwa unakulaka kwangu kila Noeli, na unanyamaza?" Macaire aliitazama mikono yake, wa kushoto kisha wa kulia, kama mtu aliyerudishiwa kitu akawa hajui akiweke wapi. Kisha akauliza, "Na ule mama wa watu? Yeye anajua ni miye."

Nikamwambia nitafanya lolote atakalo.

"Kadi ya mwaka huu utaandika weye. Na jina yako uweke. Na ile karatasi ya sherehe, andika namo. Wote wasome."

Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwomba. Tangu siku ile hajarudi.

Novemba sitaiona, kwa hiyo nimeandika kadi sasa. Muuguzi wangu, Edna, aliipeleka posta juzi. Mama Thill hakuwahi kujibu hata mara moja, na sijui kama bado yu hai wa kuisoma. Huenda nimechelewa kwake kama nilivyochelewa kwa Macaire, ambaye sasa ana miaka sitini na mitatu, na cheo alichokikataa amekwisha kupewa mtu mwingine.

Idara inakushukuru, Macaire, kwa miaka thelathini. Mimi sina haki ya kuingia katika shukrani hiyo. Wenzako watasimama Jumamosi kwenye sherehe wakutakie maisha mema pamoja na Séraphine, na nawaomba waliokuita Mzee Mara Tatu wasikuite hivyo tena. Nenda kapumzike. Siku ile uliibandika.