Damu Nyingi ya Mzee Aminiel

Wachungaji, wazee wetu, majirani, nanyi ndugu mliopanda kutoka Makanya na Same kwa barabara hii tunayoijua, mimi ni Benson, mtoto wa kwanza, na nimepewa kazi ya kumweleza baba mbele ya watu wanaomjua kuliko karatasi.

Marehemu Aminiel Mrutu alizaliwa hapa Chome tarehe 14 Machi 1956, ingawa kitambulisho kinasema 1958, kosa alilokataa lirekebishwe kwa kuwa serikali, alisema, haijawahi kumpa kingine bila kuombwa. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, na mwaka 1976 akateremka Makanya kwenye machimbo ya jasi, akaanza kwa kubeba, akastaafu mwaka 2011 akiwa mnyapara wa wapakiaji. Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Susana, wakatupata mimi, Doreen na Hedwiga. Alivuta sigara tangu ujana, jambo ambalo familia imekubaliana lisemwe mara moja tu.

Mwaka 2020, akiwa amerudi huku kulima tangawizi, alianza kuhema akipanda shambani, uso ukaiva, majirani wakampongeza kwa kunawiri. Oktoba 2021 daktari akasema damu imezidi hadi imekuwa nzito na inaweza kuganda, kwani mapafu yamechoka, oksijeni haitoshi mwilini, na figo zikihisi upungufu huo hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu zaidi. Baba alielewa kuliko sisi tuliosoma, akasema, "Kwa hiyo ghala halina mzigo, na ofisi inazidi kuajiri wapagazi." Daktari akakubali, akaongeza kwamba mlimani, ambako hewa ni nyepesi, ofisi hiyo haitaacha kuajiri.

Ikaamuliwa apunguzwe damu, na hospitalini karani wa dirishani akadai ndugu wa kuchangia damu, maana fomu haikuwa na sehemu ya mtu aliyekuja kutolewa, basi binamu yetu Chande akatolewa chupa yake, ikatunzwa, ya baba ikamwagwa, naye mzee akanung'unika hadi nyumbani kwamba wamemwaga iliyo bora.

Kuhamia tambarare ndiko alikokataa, akihofu kwamba atafia huko na kuzikwa mbali na wazazi wake. Mama alimwambia mbele yetu, "Baba Benson, ukibaki nitakuzika mwaka huu, ukiteremka nitateremka na wewe, na siku ikifika nitakupandisha mwenyewe." Baba akauliza kama Yunus, mpakiaji mwenzake wa zamani, bado ana kile chumba cha uani.

Januari 2022 Yunus aliwapokea Makanya akisema, "Mnyapara, umerudi kutusimamia? Sisi wote tumestaafu." Kule chini, kwa mtungi wa oksijeni na bila kile kilichokwisha kusemwa mara moja, damu ilitulia, na mwaka 2023 alimwoza Doreen akiwa amesimama kwa miguu yake. Nimonia ilimchukua tarehe 9 Juni 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Chome, wapakiaji wote, Yunus na watu wa msikitini kwake waliotuletea chakula, na karani wa dirishani, ambaye safari hii hakudai ndugu.

Jana mama alikaa mbele ya gari, akampandisha mumewe kama alivyoahidi, na daktari tulipompigia simu kumuaga alisema kwamba sasa hana pingamizi mzee apande mlimani.

Pumzika kwa amani, Baba, umefika kwenu.