Mtandio wa Obdulia: Tunamkumbuka Eleuterio Zamarripa

Punguzeni moto wa maharage, wasikilizaji wapendwa, msogee karibu na redio. Leo sitaanza na tangazo la ng'ombe aliyepotea wala la lori la gesi. Leo nina msiba.

Eleuterio Zamarripa amefariki. Narudia kwa walioko machimboni, maana najua nyundo zinawazuia kusikia. Eleuterio Zamarripa, bingwa wa dunia wa ndondi uzani wa bantamu, mtoto wa hapa hapa Santa Brígida, amefariki. Amefia nyumbani, kitandani kwake, Ijumaa iliyopita asubuhi. Mkewe Obdulia alikuwa amemshika miguu kwa sababu ilikuwa inapata baridi. Utepe mweusi uko mlangoni. Rozari inasaliwa kila jioni, na keshokutwa ndiyo siku ya tisa, tutakapouinua msalaba wa chokaa tuliouchora sakafuni pale alipolazwa, tumalize matanga. Njooni na mkate. Kahawa ipo.

Wiki hii mtamsikia sana kwenye redio kubwa za mjini. Watawahesabia makonde yake. Watawaambia hakumwogopa mtu. Mimi Refugio nimeishi nyumba ya tatu kutoka kwake maisha yangu yote, na nawaambia hivi: Eleuterio aliogopa. Aliogopa sana. Na sisi tuliompenda tuliogopa kumzidi.

Baba yake alifia machimboni, jiwe lilimshukia. Eleuterio alikuwa bado anavaa kaptura. Akachukuliwa na mjomba wake, Nicanor, mdogo wa mama yake, akafundishwa kuchonga mawe. Nicanor alikuwa amepigana ngumi ujanani, akarudi nyumbani na pua iliyolala upande. Kwenye karakana alitundika gunia la vumbi la mawe. Kazi ikiisha, mtoto anapiga gunia.

"Linauma, mjomba!"

"Basi na wewe liumize. Mbona unalibembeleza kama mchumba?"

Pambano lake la kwanza lilikuwa siku ya mtakatifu wetu, kwenye uwanja wa kupiganishia majogoo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nakaanga mikate ya mahindi ya kuuza. Nikamwona anatapika kwenye ndoo.

"Ni pilipili, mjomba," anasema. "Nimekula pilipili mbaya."

"Pilipili gani? Huo ni woga."

"Utaniishia lini?"

"Ukiisha uniambie, nikuvue glavu turudi kwenye mawe. Mtu asipoogopa hanyanyui mikono kujikinga."

Alishinda siku ile. Na tangu siku ile, kila pambano alitapika kwanza. Bingwa wa dunia, wasikilizaji wapendwa, na kila mara ndoo lazima iwepo.

Mama yake, marehemu Mama Eduviges, hakwenda kumwona akipigana hata mara moja. Eleuterio alipokwenda kugombea ubingwa ng'ambo ya mpaka, Los Angeles, sisi tulijazana kwenye kinu cha mahindi, palipokuwa na redio nzuri. Mama Eduviges alikataa kuingia. Alikwenda kwenye mabeseni ya kufulia, ng'ambo ya njia, mikono ndani ya maji. Akatuwekea sharti lake. "Akipiga, pigeni kelele. Akipigwa, nyamazeni. Sitaki kuelezwa."

Tukapiga kelele raundi hadi raundi. Koo zilikauka. Halafu, pambano likikaribia mwisho, redio ikakoroma, ikakata. Tukaipiga makofi. Tukaigeuza. Mmoja akapanda juu ya paa na waya. Wote tumeinama, kimya, tunatega masikio. Hakuna aliyemkumbuka mama wa watu kule nje, anayesikiliza ukimya wetu.

Nilipotoka, nilimkuta amepiga magoti kwenye mawe yaliyolowa. Amejifunika kichwa na shuka lenye maji, anasali sala ya marehemu.

"Mama Eduviges, inuka! Imekufa!"

Yeye akasikia kufa tu, akapiga yowe ambalo sijalisahau.

"Redio, mama! Redio ndiyo imekufa!"

"Usinidanganye, Refugio. Sema mwanangu yuko wapi."

Nilimwapia kwa watakatifu wote. Hakunisadiki. Alikaa vile vile, na shuka lake kichwani, mpaka dereva wa lori la soda alipoingia kutoka mjini akipiga honi, anapayuka dirishani: "Bingwa wa dunia! Zamarripa bingwa wa dunia!" Mama Eduviges akainuka, akamwendea yule dereva, akamzaba kofi.

"Mbona umechelewa?" akamuuliza.

Hivyo ndivyo Santa Brígida ilivyopata bingwa. Mkanda wa ubingwa ulitundikwa chini ya picha ya Bikira. Mama yake hakuugusa hata kuufuta vumbi.

Sasa nije kwa Obdulia. Obdulia ni binti wa waoka mikate wa njia ya kanisani. Walioana Eleuterio akiwa tayari bingwa, na mimi nikawa mama wa ubatizo wa mtoto wao wa kwanza. Ndiyo maana mengi nayajua.

Wasikilizaji wapendwa, mnalijua neno letu, ahorita. Maana yake ni sasa hivi. Na maana yake ni baadaye. Na mara nyingi maana yake ni usingoje, halitafanyika. Hata mimi hapa studio nikiambiwa mashine itatengenezwa ahorita, naenda kwanza kuanika nguo. Sasa katika mji mzima, hakuna aliyelitumia neno hilo kama Eleuterio.

"Baba, paa linavuja," Obdulia anamwambia mumewe.

"Ahorita, mama."

Mvua za miaka miwili ziliingia kwenye masufuria ya Obdulia. Na Eleuterio akisema ahorita yake, anatabasamu, meno yote nje, hata huwezi kumkasirikia.

Kisha akaanza kumimina kahawa kando ya kikombe. Akamwita mwanawe kwa jina la mbwa. Tulicheka, jamani. Tulicheka wote. Obdulia hakucheka. Daktari mmoja wa mjini alimtazama Eleuterio machoni kwa taa, akamwambia aache ngumi.

"Utaacha lini, baba?"

"Ahorita."

Hapo ndipo hofu ilipohamia nyumbani kwao. Niliiona kwa Obdulia. Alikuwa anamwangalia mumewe akila, kama mtu anayeangalia mtoto anayetambaa kando ya kisima.

Pambano la mwisho lilikuwa Jumapili mchana, kwenye uwanja wa mafahali wa mji mkuu wa jimbo. Mpinzani alitoka Panama, kijana, Belisario Quijada. Obdulia hakuwa amewahi kwenda. Safari hiyo akaniambia, "Refugio, vaa viatu, tunakwenda." Tulikaa karibu na kona yake ya ulingo, karibu kiasi kwamba maji ya sponji yaliturukia.

Sitawasimulia makonde. Nitawaambia tu kwamba ilipofika raundi ya kumi, jicho la kushoto la Eleuterio lilikuwa limevimba, limefumba. Alikuwa anapiga mahali ambapo Quijada alikuwepo zamani. Watu walikuwa wanaimba. Mimi nilikuwa nimebana rozari mpaka ushanga ukaacha alama kiganjani.

Kengele ikalia. Akakaa kwenye stuli. Mjomba Nicanor akapiga magoti mbele yake, taulo begani. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Mwanangu, niitupe?"

Mnajua kona ikitupa taulo ulingoni pambano limekwisha. Eleuterio akamtazama na lile jicho moja.

"Ahorita, mjomba."

Nicanor akaiweka taulo vizuri begani, akaanza kumpaka mafuta usoni. Msimlaumu. Maisha yote ya yule mtu, ahorita yake ilikuwa na maana ya ngoja.

Lakini Obdulia alinikamata mkono.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Amesema ahorita."

"Ahorita ipi?"

"Sijui, shoga."

"Hajatabasamu, Refugio. Hajatabasamu!"

Kengele ikalia tena. Eleuterio akasimama, akatembea. Hakumwendea Quijada. Alikwenda pembeni, mkono mbele, kama mtu anayetafuta mlango gizani, na jua lilikuwa linawaka. Quijada akamfuata. Konde la kwanza. La pili. Nikageuka nimshike Obdulia, nikakuta kiti kitupu.

Alikuwa ameshaparamia mbao za kando ya ulingo. Akauvua mtandio wake, ule mweusi wenye madoa meupe, ambao ulikuwa bado unanuka maziwa ya mtoto. Akaurusha. Ukapita juu ya kamba, ukatanda hewani, ukaanguka miguuni kwa mwamuzi.

Kwa sheria, mtandio si taulo. Mwamuzi akautazama hajui la kufanya. Quijada naye akautazama, mikono chini. Na katika ile nafasi ndogo, Eleuterio akarudi nyuma hatua moja, ya pili, akaketi chini taratibu, kama mtu anayeketi kitandani kwake. Mwamuzi akahesabu. Hakuinuka. Ubingwa ukaondoka.

Halafu vikombe vya bia vikatumiminikia.

"Mrudisheni jikoni!"

"Mchawi! Quijada amekulipa pesa ngapi?"

Polisi wakamshika Obdulia huku na huku. Mjomba Nicanor alimwinamia kutoka ulingoni, machozi yanamtoka. "Umefanya nini, mwanamke? Amesema ahorita! Amesema mwenyewe!"

"Ilikuwa ipi, mjomba? Wewe niambie ilikuwa ipi!"

Nicanor akajifunika uso na ile taulo. Na toka siku hiyo hakuingia tena nyumba aliyomo Obdulia. Alikutana na mpwa wake machimboni, wakasalimiana, wakachonga mawe pamoja. Nyumbani, hapana.

Hospitalini, Eleuterio alilala asiamke mpaka kesho yake. Obdulia alimuuliza daktari. Daktari akasema, "Mama, huenda angemaliza pambano salama. Huenda angekufa. Mimi siwezi kukwambia."

Mji wetu haukuwa mwema kwa Obdulia, na wengine mnaonisikiliza mnajua. Kwenye foleni ya kusaga mahindi walimwachia nafasi mbele na nyuma, kama mwenye ndui. Watoto walitupa matambara langoni kwake. Siku moja Mama Eduviges alitoka na ufagio akasimama pale pale langoni. "Anayetaka kutupa tambara aje anitupie mimi niliyemzaa bingwa!" Hakuja mtu.

Lakini Obdulia hakuwaogopa hao. Aliniambia kwenye mabeseni ya kufulia, "Shoga, ninamwogopa yeye. Kila akimaliza kula na kufungua mdomo, moyo unanisimama. Nasema leo ndiyo leo. Leo ataniuliza kwa nini nilimnyang'anya mkanda wake, naye alisema ngoja."

"Si umuulize wewe?"

"Na akisema ilikuwa ngoja?"

Miaka ikaenda. Eleuterio alichonga makaburi. Ulimi wake ulikuwa mzito, mikono ilikuwa mizuri. Malaika wote wa makaburini kwetu wenye pua bapa, ni wake. Walizaa, wakaozesha, wakapata wajukuu. Na jambo hilo moja halikutajwa mezani kwao.

Mwezi uliopita, alipokuwa hawezi tena kuinuka, Obdulia akamuuliza. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa kulisema hili hewani.

"Baba, siku ile, kwenye kona. Ulimwambia mjomba ahorita. Ulitaka atupe, au angoje?"

Akamgeuzia uso kwenye mto.

"Mimi pale sikumbuki kitu, mama. Nakumbuka natapika asubuhi. Halafu nakukumbuka wewe hospitalini, umejifunga shuka, huna mtandio."

"Miaka yote hii hujui?"

"Sijui. Na niliogopa kukuuliza."

"Kuniuliza nini?"

"Kama nililia. Nilidhani nililia mbele ya watu, nikakuomba unitoe, ukanionea huruma ukanificha."

"Hukulia, baba."

"Kweli?"

"Kweli."

Obdulia anasema hapo Eleuterio akaomba supu.

Basi hivyo, wasikilizaji wapendwa. Walikaa nyumba moja, kila mmoja anaogopa kinywa cha mwenzake, na wote wawili hawakujua kitu. Hata leo hakuna anayejua. Eleuterio Zamarripa, bingwa wa dunia, mtoto wa Santa Brígida, amefariki kitandani akiwa mzee, na hatutajua alisema nini siku ile.

Kwa Obdulia, kwa watoto, kwa wajukuu, redio hii yote inawapa pole. Mungu awashike mikono.

Na ninyi wengine, tafakarini nami kidogo. Jumapili ijayo ni sikukuu ya mtakatifu wetu, na vijana wetu watapanda ulingoni. Wametapika au hawajatapika, watapanda. Wewe mama, wewe mke, wewe kocha, ukimwona wako anatafuta mlango mahali pasipo na mlango, usingoje kwanza uwe na hakika. Watakumwagia bia. Utaoga.

Jambo la mwisho. Mzee Nicanor, najua unasikiliza, redio yako huwa inasikika mpaka barabarani. Hujaja kwenye rozari hata siku moja. Obdulia amenituma nikwambie kiti cha karibu na mlango ni chako na hakuna anayekikalia. Hataki kukulaumu, mzee wangu. Anasema nyumba imejaa watu wanaomwambia alifanya vizuri, na amechoka. Anataka aketi na mtu mmoja ambaye naye hajui.