Keziah Aliyengoja Povu Lishuke

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni punguzeni moto kidogo. Mlioko garini mkimngoja bosi atoke dukani, wekeni simu karibu na sikio. Leo tunamkumbuka Keziah. Keziah wa Mutomo, Kitui. Keziah dereva.

Wengi hapa Riyadh mlimjua kwa ile pikapu nyeupe ya dizeli. Ilikuwa ya madam wake, mpishi wa vyakula vya harusi. Keziah alikuja mwaka 2017 kufanya kazi za nyumba. Mwaka uliofuata wanawake wakaruhusiwa kuendesha gari huku. Madam akachukua leseni, lakini pikapu ilimtisha. Akamwambia Keziah, "Wewe mikono yako haitetemeki. Jifunze wewe."

Keziah akajifunza. Mimi nilikuwa nyumba ya jirani. Nikipanda kuanika nguo juu ya paa, namwona chini uani. Anaenda mbele, anarudi nyuma, anaenda mbele tena. Hakugusa ukuta hata mara moja.

Sasa nisikilizeni hapa. Keziah alikuwa na mdogo wake, Charity. Charity alifanya kazi Jeddah. Mmoja Riyadh, mmoja Jeddah. Nchi moja, na miaka mitano hawakuonana. Kafili wa Charity, yaani mwajiri aliyemdhamini, hakutoa siku ya kupumzika. Keziah naye hakuwahi kutumwa upande wa Jeddah. Mama yao alikuwa akisema, "Nina wasichana wawili Saudia, na wanasalimiana kupitia kwangu hapa Mutomo."

Mara nyingi madam alimtuma mbali na mji, kwa hiyo Keziah alizijua pampu za malori. Ambao hamwendeshi niwaeleze. Kule barabara kuu, upande wa magari madogo ni petroli tupu. Dizeli iko upande wa malori. Na pampu ya lori haina huruma. Bomba lake ni nene, linaingia kwa pikapu kwa shida. Ukiliachilia lote, dizeli inafanya povu kama maji ya sabuni. Povu linapanda, bomba linajifunga lenyewe, tak. Unadhani tangi limejaa. Halijajaa. Limejaa povu.

Keziah hakumwachia mhudumu bomba. Alilishika mwenyewe. Anabana kidogo, anangoja povu lishuke. Anabana kidogo, anangoja. Alikuwa na sababu. Mshale wa mafuta kwenye ile pikapu ulikuwa umekufa zamani. Madam alisema utatengenezwa, inshallah. Basi Keziah alikuwa na njia moja tu ya kujua: aione dizeli yenyewe, si povu, iko mdomoni mwa tangi.

Na malori yako nyuma yake, yanapiga honi. Dominic, dereva wa trela kutoka Voi, alikuwa akimchokoza kila wakikutana.

"Dada Kitui, unajaza gari ama unamlisha mtoto uji?"

"Akipaliwa, utamlea wewe?"

"Nitamlea. Lakini songa, tuko na safari."

"Ngoja povu lishuke, bwana. Jangwa haliendi mahali."

Hivyo ndivyo walivyozoeana.

Kisha mkataba wa Charity ukaisha. Akapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Siku za mwisho akawa kwa marafiki, chumba kimoja mtaa wa Kandara, hapo hapo Jeddah. Ndege yake ilikuwa Alhamisi jioni. Na Mungu ana mambo yake, wiki hiyo hiyo mpwa wa madam alikuwa na harusi Jeddah, na masufuria makubwa yalitakiwa huko. Madam akasema, "Keziah, peleka. Umwone na mdogo wako."

Keziah akaenda soko la Batha, akanunua blanketi jekundu, Charity ampelekee mama. Charity naye huko Kandara akatafuta mahindi, akayatwanga chumbani, akapika muthokoi, kwa sababu Keziah alikuwa amemwambia hajala muthokoi tangu atoke kwao.

Alhamisi alfajiri Keziah akatoka Riyadh. Tangi lilikuwa limejaa, alilijaza mwenyewe. Lakini njiani vumbi likashuka, lile la kuziba macho. Magari yakatembea kama mazishi. Alipofika kituo cha mafuta cha katikati ya safari, saa zilikuwa zimekwenda. Charity alikuwa akipiga simu: "Umefika wapi?" Malori yamejipanga nyuma. Honi.

Dominic alikuwa kwenye foleni hiyo. Ameniambia hivi: "Siku hiyo hakushika bomba. Alimwachia mhudumu, yeye yuko kwa simu. Ikalia tak. Mhudumu akasema halas, full. Akalipa. Nikamwambia, dada, leo mtoto ameshiba haraka. Aliniangalia kama mtu asiyenijua, akaenda."

Wasikilizaji wapendwa, tangi lilikuwa limejaa povu. Mshale ulikuwa umekufa. Keziah alikwenda akiamini ana dizeli ya kumfikisha.

Haikumfikisha. Pikapu ilizima mahali ambapo hakuna nyumba wala kituo, ndani ya vumbi. Keziah akashuka. Akavua mtandio wake, akasimama nyuma ya gari akiupunga, ili wenye malori waione pikapu. Lori la kwanza liliona, likapita. La pili halikuona.

Dominic alifika baadaye. "Nilikuta sufuria zimetapakaa barabarani," alisema. "Moja ilikuwa bado inabingirika na upepo. Nikafungua tangi. Kavu. Ndani ya gari kulikuwa na blanketi jekundu, jipya. Nikamfunika nalo."

Kandara, Charity alipiga simu mpaka teksi ikafika chini. Marafiki wakamwambia, yalla, ndege haingoji. Muthokoi akauacha mezani, umefunikwa. Alidhani madam amemwita arudi. Alidhani Keziah amegeuza nia. "Nilimkasirikia," aliniambia. "Ndege nzima nilimkasirikia. Nilipotua Nairobi nikaona mama amekaa chini pale nje, watu wamemshika."

Mwili ulichukua wiki nyingi kufika. Charity alirudi uwanja uleule wa ndege kuupokea. Alisema, "Miaka mitano nilitaka kumwona. Wakafungua kidogo, nikamwona. Wakafunika. Ndiyo tukaonana."

Tunasema subira huvuta heri. Keziah alisubiri miaka mitano. Alisubiri povu kila pampu, akichekwa. Aliharakisha mara moja, kwa sababu ya dada yake. Mimi nimekaa na jambo hili siku nyingi na sijaona heri iko wapi. Sitawadanganya kwamba nimeiona.

Mama wa Mutomo, pole. Charity, pole sana. Dominic, najua unasikiliza. Pole nawe.

Nanyi mnaonisikia, dakika moja tusiseme kitu. Mfikirie yule anayekungoja mji mwingine, na sahani ameifunika. Charity aliniomba niwaambie muthokoi uliishia wapi. Marafiki wa Kandara hawakuweza kuula. Hawakuweza kuumwaga pia. Ulikaa pale mezani mpaka ukaharibika.