Karani Aliyewahesabu Wajumbe Waliotoka Nje

Familia imeniomba mimi, mdogo wake wa kike, nisome maisha ya marehemu kaka yetu, na imeniomba nisiuongelee uwanja wa mpira. Nimejaribu, jamani. Jana nimekaa na kalamu mpaka usiku, na kila nikiutoa uwanja nabaki na mtu aliyezaliwa, akaoa, akafa. Tena juzi Alhamisi, siku ya nne ya msiba, wakili wa baraza la mji katuletea barua. Aya ya kwanza anatupa pole. Aya ya pili anasema mlalamikaji amefariki, kwa hiyo kesi ya uwanja iishe, na sisi tusaini hapo chini kukubali. Mtanisamehe basi, uwanja nitautaja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi baiskeli na mshonaji wa nguo. Mama alikuwa akituambia kwamba alizaliwa amekunja uso, kama mtu aliyekuta mambo hayajapangwa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari ya kutwa, akamaliza mwaka 1970. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini ndiye aliyepewa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Siku moja kwenye orodha alimwandika na mwalimu wa hesabu. Alichapwa, na baba alipomuuliza kilichomtuma, alijibu kwamba mwalimu naye alikuwa anapiga kelele. Baba alitoka nje akacheka huko huko.

Mwaka 1974 aliajiriwa na baraza la mji kama mpiga chapa, na mwaka 1983 akawa karani wa kumbukumbu za vikao. Kazi yake ilikuwa kuandika nani kasema nini, nani kaingia, nani katoka, na saa yenyewe. Ndiyo maana wengi wenu mlimjua kwa jina la Saa Ngapi.

Alifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 1978 na mwalimu wa chekechea, wifi yangu huyu hapa. Bibi harusi alichelewa dakika hamsini. Bwana harusi aliziandika zote kwenye kijitabu alichokuwa nacho mfukoni. Wiki iliyofuata wifi alikikuta kile kijitabu, akaongeza chini yake maneno mawili: "Na bado."

Sasa uwanja. Jumatano ya tarehe 22 Julai 2009, baraza lilikaa kuamua kama hela za umma ziijengee uwanja timu ya mpira ya mji wetu. Timu ina mwenyewe, mfanyabiashara, na viingilio vya getini vinakwenda kwake. Lakini uwanja ungejengwa kwa fungu la mitaro ya maji ya mvua, na deni litakalobaki lilipwe na kila nyumba, kwa ushuru. Akidi, yaani idadi ya wajumbe bila ambayo hakuna kura, ilikuwa kumi na sita. Walikuwepo kumi na tisa. Saa nane na dakika arobaini wachezaji wakaingia uani na jezi mpya, na wajumbe saba wakatoka kwenda kupiga picha nao. Mwenyekiti naye alikuwa na hamu ya hiyo picha, akapigisha kura hapo hapo ili awahi. Walionyoosha mikono ni kumi na wawili. Kaka aliyaandika yote, na wale saba wa nje akawaandika kwa majina.

Kumbukumbu za kikao huthibitishwa kwenye kikao kinachofuata. Mwezi uliofuata mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye marekebisho, wakasema hakuna, akasaini kila ukurasa. Hakuna aliyesoma. Kaka aliwaandikia watu wale miaka ishirini na sita, na kusoma hawakuwa na mazoea nako. Walipokuja kushtuka walimwita, wakamwambia autoe ule mstari wa picha. Akawajibu, "Waheshimiwa, mmeshausaini." Wakamhamishia ofisi ya leseni za mbwa, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 2011. Mji mzima ulikuwa na mbwa wanne wenye leseni.

Februari 2012 alifungua kesi ili ile kura ifutwe, ushuru ukome, na fungu la mitaro lirudi. Miaka kumi na moja, ndugu zangu. Jaji wa kwanza alistaafu, wa pili akahamishwa. Jalada lilipotea miezi kumi na minne, likapatikana kwenye kabati lile lile. Wakili wa baraza alisimama mahakamani akasema hakuna picha iliyowahi kupigwa, na picha yenyewe imetiwa fremu, inaning'inia kwenye ngazi za ofisi ya baraza mpaka leo, wajumbe wote saba meno nje. Uwanja ukajengwa, timu ikashuka daraja, na ushuru tunalipa. Mvua za 2017, kwa kuwa mitaro haikuchimbwa, maji yaliingia nyumbani kwao hadi magotini. Kaka aliliokoa faili la kesi kwanza, ndipo akarudia godoro. Wifi hakumsemesha siku tisa, na mimi nilimuunga mkono.

Watu walimzomea sokoni wakisema anaichukia timu, naye skafu ya timu ile ile iko shingoni. Alikuwa shabiki tangu mwaka 1965. Nilimwambia, "Kaka, achana nayo, unajimaliza." Akaniambia, "Timu naipenda. Mapenzi yangu nitayalipia mwenyewe getini. Jirani asiyeupenda mpira anadaiwa nini?" Nilikasirika zaidi.

Januari mwaka huu madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka. Walimkataza ngazi, na mahakama iko ghorofa ya tatu. Alipanda, akipumzika kila kituo, mkewe nyuma yake amebeba faili na kiti cha kukunja. Alifariki hospitalini Jumatatu ya tarehe 14 Agosti 2023, mchana. Wifi alimfumba macho, akatazama saa ya ukutani, akasema, "Saa tisa na dakika ishirini. Andikeni." Hapo ndipo mimi nililia.

Ilipokuja ile barua tulikaa kikao cha familia. Kijana wake mkubwa, fundi umeme, alisema, "Shangazi, baba alichoka nayo na sisi tumechoka. Tusaini iishe." Mimi nilikubaliana naye, na leo nasema wazi mbele ya jeneza lake kwamba nilikubaliana naye. Wifi akaichukua barua, akaisoma yote, aya ya kwanza na ya pili, akaikunja. "Miaka kumi na moja napika huku nasikia akidi, akidi," alisema. "Nimeichukia hiyo kesi kuliko ninyi nyote. Nikisaini hapa, itakuwa nilibeba kile kiti bure." Jana asubuhi alipanda hizo ngazi za mahakama, akajaza fomu ya kuchukua nafasi ya mume wake kwenye kesi. Shahidi wa sahihi yake ni mimi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake wanne, na kesi moja, itakayosikilizwa Alhamisi tarehe 24 Agosti, saa tatu asubuhi. Wajumbe wa baraza mliofika kutuzika, tunawashukuru, na huko pia tunawakaribisha.

Mungu ampe kaka yetu pumziko la amani. Alhamisi tutamwandika miongoni mwa wasiokuwepo kwa udhuru.