Kiti Kilicholia Kwenye Santuri

Redio ya dereva wa basi ilipoanza kupiga wimbo uliorekodiwa hapo hapo Detroit enzi za ujana wao, mzee mmoja alimwinamia Verdell, jirani yake wa siti. "Hilo gitaa la besi ni mimi."

Verdell alirekebisha kofia yake ya kanisani. "Baba wee, kila mwenye mvi mji huu kalipiga hilo gitaa! Mbona wewe humo kwenye jalada la santuri?"

"Wapigaji wote hatumo, yumo mwimbaji tu. Lakini sikiliza: kabla ya kiitikio cha mwisho, kiti changu kinalia. Nilikuwa najikuna."

"Kumbe! Mwenzetu kaingia kwenye santuri kwa upele!"

Basi likasimama kwenye kituo anachoshukia Verdell. Akainuka, akasita, akaketi tena. "Dereva, ongeza sauti, kiitikio cha mwisho kinakaribia. Na wewe baba, tulia kabisa, hicho kiti ulichokalia kisije nacho kikalia."