Koti la Kwenda Ukweni

Basi la kutoka Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara Waafrika jijini Guangzhou, China, lilikuwa halijafika mbali, Bimkubwa ameshamwonyesha jirani yake wa kiti koti jipya. Atakwenda nalo Uingereza, alivae mbele ya wazazi wa kijana anayemuoa bintiye, Nahla. Lebo ya kwenye mkono wa koti kaiacha makusudi, wasije wakadhani ni mtumba.

Jirani, Rodgers wa Mwanza, aliyewahi kuishi kule, akatikisa kichwa. "Mama, kule upya ndio utakaokuumbua. Wenye majumba wanavaa sweta la babu yao, limetoboka kiwiko. Mali hawaitazami."

"Wanatazama nini basi?"

"Wanasikiliza. Ukifungua mdomo tu, wameshajua umesoma wapi, baba yako nani, na wakuweke daraja gani."

"Mie Kiingereza nakijua, baba. Kila siku nafanyia biashara hapa, na malaoban, hawa Wachina wenye maduka, wote wananielewa."

"Hicho hicho ndicho watakachokisikia, mama."

Bimkubwa akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta pa kujishikiza. Akaanza kuing'oa lebo kwa meno, kisha akaacha. Jana Nahla alimwambia kwenye simu, "Mama, tukifika kwao usiseme sana. Nitasema mimi." Maneno hayo aliyapokea kama mapenzi ya mtoto, hata akawasimulia wenziwe dukani.

"Mwanangu kakulia kule," alisema polepole. "Na yeye keshajua kusikiliza hivyo?"

Rodgers akageukia dirishani, kana kwamba Guangzhou ndiyo kwanza anaiona.

Basi likasimama kituo cha Zhanxi, penye soko la nguo. Simu ya Bimkubwa ikaita: Nahla. Akaiacha iite, maana hakujua aanze kwa sauti gani.