Sabuni ya Severa Iliyokataa Kuganda

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mdogo wake mzee Safari anawasomea maisha ya shemeji yake, Severa Ntibakazi, aliyezaliwa Mwandiga, Kigoma, tarehe 14 Machi 1958, akasoma hapohapo hadi darasa la saba, mwaka 1973, na kwa mama yake akajifunza kuchoma mikungu mitupu ya michikichi, ile inayobaki chikichi zikishatolewa, kuyachuja majivu yake kwa maji, taratibu, kisha kuchanganya na chokaa mpaka yapatikane magadi makali ya kupikia sabuni.

Tarehe 2 Juni 1979 alifunga ndoa na Safari, fundi wa reli, wakahamia mtaa huu wa Gerezani, wakajaliwa watoto wawili, Klara, mwaka 1981, na Yusto, mwaka 1985. Mwaka 1983, sabuni ilipoadimika madukani, Severa aliagiza majivu na mawese kwa treni, akatoboa pipa la kuchujia majivu uani, akaanza kazi. Povu lake, weee! Lakini sabuni haikuganda.

Na roho yake yote ilikuwa kwenye sabuni ya kuganda, maana Kariakoo sabuni ni mche, unaosimama mezani na kukatwa kwa waya, na rafiki yake Harshida, mwenye duka Mchafukoge, alikuwa amemwekea nafasi mbele kabisa ya kaunta. Akapika zaidi, akaanika, akabadilisha chokaa, wapi, sabuni ikabaki laini, watu wakaiita uji wa Severa, na shemeji huyu anayewasomea aliwahi kumwomba kijiko, akafukuzwa kwa mwiko. Kostiki, yaani magadi ya kiwandani, iliporudi madukani, Harshida alimsihi aitumie, ingegandisha sabuni mara moja, Severa akasema hiyo itakuwa ya kiwanda, si yake, wakanuniana mwaka mzima, wanawake wanaopendana namna ile!

Waliomfuata ni mafundi magari wa mtaani, waliogundua kwamba sabuni ile laini inatoa grisi mpaka ndani ya kucha bila kuchubua ngozi. Mwanzoni aliwatimua, akisema hakuchoma mikungu kwa ajili ya watu wa spana, baadaye akakubali kuwauzia kwa kopo, na kwa makopo hayo Klara na Yusto wakasoma. Hata hivyo kila alipopika alitenga kidogo kwenye fremu ya mbao, asubuhi akaibonyeza, akaguna. Tusidanganyane mbele yake, jambo hilo lilimuuma hadi mwisho.

Novemba 2024 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, na alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akafariki dunia, Klara akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wote, wafanyakazi wenzake Safari wa enzi za reli, na Harshida, ambaye tangu Jumapili hajatoka jikoni kwetu. Inawashukuru pia mafundi, waliofunga gereji zao leo, wakaomba wao ndio wambebe. Shemeji, ulitaka kazi yako ionekane dukani. Wamekubeba kutoka nyumbani hadi hapa, wakipokezana, na kwenye kitambaa cheupe cha jeneza lako hakuna alama ya kidole chenye grisi hata moja. Basi lala, Severa, pumzika kwa amani.